Miezi Tisa ya Bi Yurick

Kanisani niliwaambia ni hesabu. Nikasema hesabu za siku hizi hazieleweki, mtoto anaulizwa tano ongeza saba halafu anatakiwa achore visanduku kwanza. Watu wakatikisa vichwa, wakanionea huruma. Mama yangu mzazi nilimwambia ni mafua, kwamba darasa zima linakohoa. Mume wangu Wendell sikumwambia sababu yoyote, kwa kuwa Wendell ananijua. Haya, leo nasema mwenyewe: nilimtoa binti yangu Tabitha shuleni kwa wivu. Wivu mtupu, ule wa kukukosesha hamu ya chakula.

Niliyemwonea wivu ni mwalimu wake wa darasa la pili, Bi Yurick. Wala msidhani ni mrembo. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, sweta yake ina vifungo vya umbo la tufaha na viatu vyake ni vya kusimamia kutwa. Lakini tangu Septemba nyumba yangu ilikuwa imejaa yeye. Ticha anasema tusiache bomba wazi tukipiga mswaki. Ticha anajua majina ya ndege wote. Ticha anakata mkate wake pembe tatu. Mimi nilikata mkate wa Tabitha mraba, kama nilivyoukata miaka yote, ukarudi jioni kwenye kisanduku cha chakula haujaguswa. Nikauliza, "Huu una nini?"

"Hauna kitu, mama," Tabby, ndivyo tunavyomwita, akanijibu taratibu, kama anasema na mgonjwa. "Kona zake tu ndizo mbaya."

Halafu ikaja habari ya nywele. Watoto wakitoka kucheza upepo unawavuruga, basi Bi Yurick huwaita mmoja mmoja na kuwasuka. Tabby akarudi na msuko mmoja umelala mgongoni, umenyooka, hauna hata unywele uliochomoza. Akaulalia siku tatu. Nilipotaka kuufungua nimwoshe kichwa akaruka nyuma. "Utaharibu!" Mimi! Mimi niliyezichana nywele hizo tangu zikiwa vinyweleo vitatu juu ya utosi!

Kilichonimaliza kilitokea dukani, Jumamosi moja ya Novemba, mbele ya friji la maziwa. Tulimkuta Bi Yurick na kikapu chake. Tabby akaniponyoka mkononi, akamkumbatia kiunoni, akafungua kinywa na kupaza sauti: "Mama, angalia, jino limetoka!"

Hakuwa akisema na mimi. Macho yake yalikuwa juu, kwa yule.

Bi Yurick akacheka. "Usijali, Mama Tabby. Kila siku kuna mmoja ananiita hivyo. Midomo inateleza tu."

Na mimi nikacheka, meno yote nje. Nilipofika nyumbani nikaweka siagi kwenye kabati la viatu, tukaikuta baada ya siku mbili.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa Ardith Hostetter. Ardith ana watoto watano na wote amewafundisha mwenyewe nyumbani. Mkubwa ni muuguzi sasa. Nilikuta wawili wa mwisho mezani wanaunganisha mifupa ya kuku kwa gundi, mifupa ileile waliyokula Jumapili, na kila mfupa wameuandika jina. Nikaona wivu hapo pia, nisifiche. Yaani siku hizo ningeweza kumwonea wivu hata paka.

Nikamwambia nataka kumsomesha Tabby nyumbani, anieleze njia. Akanieleza bila kuacha kukanda unga. Hapa Pennsylvania unaandika kiapo, kinagongwa muhuri, unakipeleka kwa mkuu wa shule za wilaya na orodha ya utakayofundisha. Unaandika kila siku mlichosoma, hadi zitimie siku mia moja na themanini, pamoja na zile alizokwisha kusoma shuleni. Unaweka kazi za mtoto kwenye jalada. Kabla Juni haijaisha, mwalimu mwenye cheti anakuja kulikagua na kuzungumza na mtoto, kisha anaandika barua kwamba kweli amesoma.

"Hilo la karatasi ni rahisi," Ardith akasema. "Sisi tulianza kwa sababu mkubwa alikuwa anatapika kila asubuhi kwa kuogopa shule. Wa kwako ana nini?"

"Hana kitu."

"Anaonewa?"

"Hapana."

"Anachoka kusoma?"

"Anapenda. Anapenda sana."

Ardith akaacha unga, akanitazama. "Basi wewe ndiye una nini, Rhoda?"

Nikasema hesabu. Nikasema na visanduku. Akarudi kwenye unga wake, na mimi nikaondoka na karatasi zote.

Wendell alinisubiri nimalize kuosha vyombo ndipo akauliza. "Unataka kumfundisha mtoto, au unataka kumshinda yule mama?"

"Mama gani?"

"Ala! Rhoda."

"Nataka mtoto wangu asome kwa amani."

"Amani ipi tena? Mtoto anakwenda shule anarukaruka."

"Hilo ndilo tatizo!" nikasema, na neno likiisha kutoka halirudi. Wendell akanifutia sahani mbili, akaenda zake. Kiapo alikisaini. Ila tangu siku ile akawa ananiita Mheshimiwa Mwalimu, na ole wangu nichelewe kupika.

Baada ya Krismasi nikamwambia Tabby. Nikaifanya habari tamu, nikasema tutasoma na pijama, tutapika, tutakwenda msituni. Akanisikiliza. "Ticha anajua?"

"Anajua."

"Amesema nini?"

"Amesema sawa," nikamdanganya.

Hakulia. Akaleta kalamu zake, akazipanga mezani kwa rangi. Nikajiambia, umeona, hata hajali. Ukimya wake nikauchukua kuwa ni furaha, kwa kuwa ndivyo nilivyotaka uwe.

Januari nilifundisha kama mtu aliye kwenye mashindano. Niliweka kengele mezani. Nilibandika nyota ukutani. Nilijifunza majina ya ndege, nikamsimamisha mtoto dirishani na theluji ile tuhesabu ndege waliokuja kula mbegu. Mkate niliukata pembe tatu, na baada ya muda hata vipembetatu vinne vidogovidogo, maana nilitaka kumpita Bi Yurick. Tabby akasema asante, akala nusu. Kila jioni nikaandika kwenye daftari: siku ya sita, siku ya ishirini, siku ya thelathini na moja. Na usidhani sikuwa na raha. Zilikuwepo asubuhi ambapo anasoma ukurasa mzima ameegemea bega langu, na mimi nikasema moyoni, huyu wangu, huyu wangu.

Machi utomvu mtamu ukaanza kutiririka kwenye miti ya maple nyuma ya nyumba. Tukatoboa, tukatundika ndoo. Hapo, haki ya Mungu, nilifundisha vizuri, kwa mara ya kwanza bila kumfikiria mtu yeyote. Nikamwambia Tabby, leo hakuna kitabu, nataka unijibu: inatakiwa ndoo ngapi za maji haya ya mti, yakichemshwa hadi yawe mazito, ili tupate ndoo moja ya asali? Akapima kwa kikombe. Akaweka alama kwenye sufuria kubwa kila saa, akaandika. Mvuke ukajaa katika kibanda tulimochemshia, miwani yangu ikafunga ukungu. Akakisia kumi. Akafuta, akaandika ishirini. Jioni tulipochuja, akakaa chini na penseli, ulimi umetoka pembeni, akagawanya peke yake, hesabu ambayo sikuwa nimemfundisha. Akaruka juu.

"Arobaini! Ticha, ni arobaini!"

Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mngekuwa mimi mngefanya nini? Mtu mwenye akili angecheka. Mimi nikawaka. Miezi mitatu! Nimemtoa mtoto darasani kwa yule mwanamke, kumbe yeye nimemleta mwenyewe hadi kibandani kwangu, amekaa kati yetu anakula asali yangu.

"Mimi si ticha!" nikapiga kelele. "Mimi ni mama yako! Mama! Ni neno gumu?"

Nikageuka kwa hasira, kiwiko kikagonga sufuria, na robo ya kazi ya kutwa ikamwagika kwenye udongo. Tabby akasimama akaitazama. "Samahani, mama," akasema. "Samahani, mama." Mara mbili, na mara zote mbili neno mama alilitamka kwa uangalifu.

Tangu siku ile hakumtaja tena ticha nyumbani kwangu. Hata ndege hakuwataja. Nikadhani nimeshinda.

Juni ikafika, siku zimetimia, jalada limenona, linahitaji mkaguzi. Yule wa Ardith alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Ardith akanipigia simu. "Nimezunguka kote. Amebaki mmoja tu mwenye nafasi kabla ya mwisho wa mwezi."

"Mshukuru Mungu. Nani?"

"Hutampenda."

Basi Alhamisi, saa nne asubuhi, Bi Yurick akaingia mlangoni kwangu na mkoba wake, akaketi kwenye kiti changu, kwenye meza yangu. Nilikuwa nimedeki mara mbili. Tabby alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja, nywele nimembana mimi mwenyewe kwa kibanio. Nilimngojea aruke kumkumbatia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kuruka kule, nimekaza shingo. Hakuruka. Akasema, "Habari za asubuhi, Bi Yurick," kama karani wa benki.

Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, na Mungu ananiona.

Bi Yurick akafungua jalada ukurasa kwa ukurasa. Akamwambia Tabby asome kwa sauti, akamwuliza maswali, kisha akafika penye utomvu. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Hesabu hii nani alikufundisha?"

"Mama alisema nitafute mwenyewe."

Bi Yurick akanigeukia. "Mama Tabby, mimi hili siliwezi. Nina watoto ishirini na wanne na jiko sina. Hii ni kazi nzuri kuliko yangu."

Nilivimba kiasi kwamba nilishindwa kujizuia. Nikataka kummaliza kabisa. "Kwa hiyo Septemba hutatamani arudi kwako?"

Akashangaa. "Kwangu? Septemba anaingia la tatu. Mimi nafundisha la pili tu, miaka ishirini na sita sasa." Akawa anakusanya karatasi huku anasema, bila kunitazama. "Wakitoka kwangu, siku za mwanzo wananipungia mkono kwenye korido. Ikifika Krismasi wanamzungumzia ticha mwingine. Mimi huwa nao miezi tisa tu. Ninyi akina mama mnao maisha yote, mnatuonea choyo hata miezi tisa." Akacheka, ila hakikuwa kicheko hasa. "Na Tabitha sikumaliza hata hiyo. Nilibaki na jino lake kwenye bahasha. Lile la pili. Lilitoka siku ya mwisho kabla ya Krismasi, nikasema nitampa tukirudi."

Akalitoa kwenye mkoba, bahasha ndogo yenye jina na tarehe, akaiweka mezani.

Nikasema naleta kahawa. Sikuwa na haja ya kahawa. Nilikuwa na haja ya ukuta kati yangu na yeye. Kumbe ningesubiri tu, mtoto akiwa shuleni. Ningekaa nyumbani kwangu, nikakata mkate pembe tatu hadi Juni, na yule mama angetoka maishani mwetu mwenyewe kwa miguu yake. Nikasimama stoo, kopo mkononi, mlango umerudishwa nusu.

Nikamsikia Bi Yurick: "Kibanio kinateleza. Njoo nikusuke haraka."

Halafu sauti ya mwanangu, ndogo, ya kunong'ona.

"Usinisuke hapa. Mama ataona."

"Akiona kuna nini, kipenzi?"

"Anaumia. Nikikupenda, anaumia. Kwa hiyo nimeacha. Nakupenda kimyakimya tu."

Niliweka kopo chini. Nikakumbuka samahani zile mbili na sufuria imelala udongoni. Mtoto wa miaka minane amebeba wivu wangu tangu Machi, ameubeba bila kumwaga hata tone, mimi mtu mzima ulinishinda.

Nilikwenda chumbani, nikachukua kitana na utepe wa bluu. Niliporudi mezani Tabby alishtuka, akashika kibanio chake kwa mkono mmoja. Nikamwekea Bi Yurick kitana mbele yake.

"Msuke," nikasema. "Ule mmoja unaolala mgongoni. Mimi siuwezi."

Bi Yurick alinitazama, akakichukua. Lakini Tabby hakumsogelea. Alinitazama mimi.

"Mama, umekasirika?"

Nilitaka kusema hapana. Nimewadanganya watu wengi mwaka huu, mmoja zaidi si kitu. "Kidogo," nikasema. "Ndiyo, naona wivu, hapa kifuani. Lakini ni wivu wangu, si kazi yako. Kaa usukwe."

Akakaa. Bi Yurick akaanza kumgawa nywele, na mimi nikabaki nimesimama, nimeshika utepe. Ilipofika katikati ya msuko nikamwuliza: Septemba, shule au nyumbani? Useme unachotaka, si ninachotaka.

Akafikiri. "Shule," akasema, na mabega yake yakapanda yakingojea kelele.

Sikupiga kelele. Iliniuma, nikaukunja utepe kidoleni.

"Lakini Machi tutachemsha tena?" akauliza. "Mimi na wewe tu? Safari hii tusimwage?"

"Mimi na wewe tu," nikasema.

Mabega yakashuka. Bi Yurick akanyoosha mkono bila kugeuka, nikampa utepe.