Siku Wabwile Alipoitwa

Sista Chepkemei alikuja na gari la hospitali kutoka Kitale mwezi wa Novemba, mwaka wa themanini na nane, kuwapima watoto wa Saboti waliotarajiwa kuanza darasa la kwanza Januari. Aliwapimia kanisani: macho, masikio, kusimama kwa mguu mmoja, kupanga vibao. Sisi akina mama tulingoja nje, na kwa kuwa mimi sina subira, nilingoja mlangoni kabisa.

Zamu ya mwanangu ilipofika, nilimpa sista kadi ya kliniki asome jina mwenyewe. Mtoto amepewa jina la marehemu baba mkwe wangu, na kwetu Wabukusu mke hataji jina la baba mkwe hata akifinywa. Nyumbani kila mtu alimwita Kuka, yaani babu, akakua hivyo: mzee wa miaka sita anayepewa kiti kabla ya wageni.

Punde niliitwa ndani. Kuka alikuwa amekaa kwenye benchi, ametupa mgongo, ametulia tuli.

"Mama, huyu hasikii," sista alisema. "Vibao amepanga vizuri, kwa mguu mmoja amesimama. Lakini nimekaa nyuma yake nikaita, nikaita, hata shingo hajageuza. Heri apelekwe shule ya bweni ya watoto wasiosikia."

"Ati hasikii? Huyu? Sufuria ya nyama ikifunuliwa kwa jirani, yeye ndiye wa kwanza kusikia!"

"Kila mama husema hivyo."

Maneno hayo yaliniudhi, lakini yaliniogopesha zaidi. Shule ya bweni! Nani angemfunika blanketi huko? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na machozi yangu yalikuwa karibu.

"Si uniache nimwite mimi, sista. Mara moja tu."

Akakubali. Nilirudi hadi mlangoni, nikanong'ona: "Kuka."

"Ee, mama," akajibu, akageuka. "Tunaenda?"

Sista alishika mdomo. Mimi nilipiga kigelegele mle mle kanisani, na wenzangu wa nje wakakipokea bila kujua ni cha nini. Kisha hasira ikanirudia, nikamkabili mtoto.

"Wewe, si sista amekuita saa hizi zote? Mbona hukuitika?"

"Hajaniita," Kuka alisema. "Alikuwa anaita Wabwile. Wabwile si alikufa?"

"Na wewe ukakaa tu?"

"Nilikuwa nangoja nione kama atakuja."

Sista alicheka mpaka akaketi. Alipopata pumzi alisema masikio ni mazima na Januari mtoto aingie darasani. Lakini mwalimu akiita majina asubuhi, huyu ataitikaje?

"Mwambie jina lake, mama."

"Mimi siruhusiwi. Ni la baba mkwe. Mwambie wewe."

Basi sista akachuchumaa mbele yake, uso kwa uso.

"Sikiliza, mzee. Babu yako alikuachia jina lake. Wabwile ni wewe."

Kuka alimtazama, kisha akanitazama mimi. Niliitikia kwa kichwa. Akashuka kwenye benchi, akavuta kaptula yake juu, akamnyooshea sista mkono wa salamu.

"Haya," akasema. "Nimekuja."