Kahawa ya Seli Kumi na Moja

Saa tatu kasorobo asubuhi, kwenye maabara mjini Lund, Uswidi, Ylva alijichoma kidole, akadondosha damu kwenye kipande cha kioo cha kuchambulia seli, kisichozidi ukucha. Ndani yake vilisimama viguzo maelfu, vyembamba kuliko unywele. Seli kubwa zilipita kushoto, ndogo kulia. Mlango wa katikati uliandikwa UCHAFU, na kilichotokea hapo kilipelekwa kuchomwa saa nne.

Siku hiyo mlango wa katikati ulitoa seli kumi na moja, kila moja kama punje ya mtama. Zilikuwa za marehemu mama yake, Gunnel. Mtoto akiwa tumboni, seli chache za mama humwingia, nazo hukaa humo miaka na miaka.

"Umekonda," zilisema kwa pamoja. "Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Tuva yuko chekechea, mama. Alizaliwa umeshaondoka."

"Basi nipeleke nikamwone, unangoja nini?"

Ylva akazipeleka kwa mkuu wa maabara, Henning. Naye akainama, akazihesabu.

"Zimetokea mlango gani?"

"Wa katikati."

"Basi ni uchafu, Ylva. Pole. Gari linakuja saa nne."

"Uchafu mwenyewe!" zilisema seli.

Saa tatu na nusu wakaingia jikoni, kwa sababu saa hiyo kila mtu huacha alichoshika akanywe kahawa na wenzake. Ylva akaweka kisahani chenye seli mezani. Henning akamimina kuzunguka meza kama alivyozoea, bila kutazama nyuso, na alipofika kwenye kisahani akajaza kifuniko cha chupa. Akaongeza chembe ya andazi la mdalasini.

"Nyepesi," alisema Gunnel, "lakini ahsante, mwanangu."

Henning akatua birika.

"Nimeshamkaribisha," alisema. "Mtu aliyekunywa kahawa nasi siwezi kumchoma."

"Kwa hiyo utabadilisha fomu ya hesabu ya leo?" aliuliza Ylva.

"Fomu haina neno jingine."

Akaandika: uchafu, kumi na moja. Ylva akapekua fomu za miaka sita. Kila siku uchafu, mara tatu, mara tisa. Walikuwa mama za nani, hapakuandikwa.

Saa tisa alifika chekechea, akafungua kiganja. "Huyu ni bibi yako."

Tuva, wa miaka miwili, akachungulia. "Bibi wengi!" Akacheka mpaka akakaa chini. Gunnel naye akacheka, mara kumi na moja, kisha akauliza ni nani aliyemfunga mtoto skafu ovyo namna hii.