Brashi ya Kope Kutoka Ndoo ya Taka

Uliiona ile ndoo ya taka ya saluni, ukageuza uso. Mfagiaji hakugeuza. Mpwa wake alikuwa ndiyo kwanza amekunjwa kope kwa dawa, akaambiwa asizilowanishe hadi kesho, asizisugue, azichane tu. Bosi wa saluni akachomoa brashi ya kope kwenye taka, ina tongotongo za mteja wa asubuhi, akaifuta kwa aproni, akampa.

“Mpya hii, mrembo.”

Mfagiaji akauangusha ufagio. Kazi ataipoteza, lakini macho ya mtoto wa dada yake?

“Usiitumie, mwanangu! Ina usaha wa mtu!”

“Wewe fagia, yasiyokuhusu achana nayo!” bosi akafoka.

“Hiyo brashi nimeitupa mimi mwenyewe!” mfagiaji akajibu.

Mpwa akaiangusha. Mfagiaji akafukuzwa palepale. Nawe umekaa kiti cha pili, unangoja zamu yako ya kope. Inuka sasa hivi, dai pakiti ya brashi mpya ifunguliwe mbele yako.