Fidla ya Marehemu Turki

Shemeji yangu Turki alifia Unguja, harusini, upinde mkononi, wimbo haujaisha. Mkewe, dada yangu Bimdogo, alipohamia kwetu Ibra, Omani, alikuja na fidla yake na, wallahi, alikuja na Turki mwenyewe. Kila baada ya sala ya alasiri, ile fidla iliyotundikwa ukutani, isiyo na hata uzi mmoja, huupiga ule wimbo mpaka pale ulipokatikia. Kisha kimya. Dada humimina kahawa vikombe viwili. Mimi nakaa naye nyumba moja, na hicho cha pili sijapata kuonjeshwa.

Mwaka tisini na nane akaja mjukuu wetu Huwaida kutoka Uholanzi. Kazi yake kupiga fidla za kizamani, zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, na kufukua muziki uliosahauliwa makanisani huko. Wimbo uliopotea nusu huusikiliza unataka kwenda wapi, akaufikisha. Wazungu humpigia makofi kwa hilo.

Siku aliyousikia wa Turki, kahawa ilimpoa mkononi. Akauliza, "Bibi, mwisho wake uko wapi?"

"Hauna," Bimdogo akamjibu. "Wala usiutafute, mwanangu. Ukiisha tu, ataondoka."

Akaapa hatougusa. Lakini paka umwachie papa alinde? Hata akipepeta mchele, vidole vilikuwa vinatafuta nyuzi kwenye ungo.

Jumatano Bimdogo akaenda soko la wanawake kuuza kofia. Huwaida akaitoa fidla yake. Nilikuwa nimejilaza sebuleni, nikasikia ya ukutani inaanza, na alasiri bado mbali. Ikafika pale pake, ikanyamaza. Ya Huwaida ikapokea. Mitende ya jirani iliacha kutikisika, ukitaka usiamini. Mwisho wenyewe ulikuwa mfupi, mpole, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Dada alirudi akautazama ukuta, akajua kabla hajavua buibui. Alasiri ile akakaa mbele ya fidla mpaka magharibi. Fidla kimya. Hakumgombeza mtoto. Hakusema naye kabisa, mpaka mtoto akarudi zake Uholanzi.

Haukupita muda Huwaida akapiga simu. Fidla yake inajipiga ndani ya kasha. Wimbo sasa una mwisho, na ukiisha unaanza tena. Wenzake hawataki kukaa naye chumba kimoja.

Turki hakuondoka. Alihama.

Kwetu bibi na mjukuu kuitana wake wenza ni utani wa kila siku. Dada akaninyang'anya simu, na safari hii hakutania.

"Mke mwenzangu," alisema, "mpe simu."

Kule kasha likafunguliwa. Kisha hata mimi nikasikia upinde unagusa uzi. Bimdogo akanipa mgongo, akajifunika ushungi, yeye na simu yake.