Kumbikumbi wa Sukari Guru

Nanyama alipowaona kuku wa Kanyiva wakigombea kumbikumbi wake pale uani Riruta, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alikuwa amefika Nairobi jana yake kwa gari la moshi kutoka Bungoma, mkebe ule ameupakata njia nzima. Ndani mlikuwa na kumbikumbi walionaswa mvua za kwanza, wakapepetwa mbawa, wakakaangwa, kisha wakamwagiwa sukari guru ya moto mpaka wakashikana matonge meusi. Chakula cha kuchekesha kwa asiyekijua, na utamu wake huo usiseme. Zadock, kifungua mimba wake, alilelewa nacho. Mdogo wake Peres akipewa tonge, Zadock alimfuata nyuma akiokota makombo, mashavu yakimnata hadi nzi wakamwandama. Leo hii kuku ndio wanaokula.

Wala asingejua kitu kama angelala kwa mwanawe. Lakini Zadock na mkewe Namalwa walikuwa na chumba kimoja, na kwao mama halali chumba kimoja na mwana aliyeoa, hilo halina mjadala. Ndiyo maana akalazwa kwa Kanyiva, jirani, mjane wa Kikamba aliyefua nguo za watu Kileleshwa.

"Mama Zadock, kwani iko nini?" Kanyiva aliuliza.

"Nani amekupa hii kitu?"

"Si Zadock mwenyewe. Alileta jana jioni, akasema ni chakula ya kuku umetoa nyumbani."

Angalikuwa Namalwa, ingekuwa nafuu. Mkaza mwana husemwa, hununiwa, yakaisha. Lakini mtoto uliyemtoa tumboni mwako? Nanyama aliuchukua mkebe, ukiwa bado una zaidi ya nusu, akajifunga leso kiunoni.

Kanyiva alimsindikiza hadi Kileleshwa, akamwonyesha barabara ya kwenda mjini na kumwelekeza ofisi ya Zadock. Nanyama aliikanyaga kwa hasira. Zadock angekuwa ameshiba tu, angesema ameshiba. Angekuwa hapendi tena, angesema, mdomo anao. Ila kumtazama mama usoni, kusema asante kwa mikono miwili, kisha kwenda kumwaga! Shule aliyomsomesha kwa kuuza mtama ilimfundisha hayo?

Ofisi ilikuwa nyuma ya Government Road. Makarani walikuwa kwenye ngazi za uani wakinywa chai kwa biskuti, Zadock kati yao, tai shingoni. Alipomwona, alisimama haraka, akamshika kiwiko na kumgeuza kuelekea langoni.

"Zadock, huyu ni nani?" aliuliza mwenzake mmoja, Oloo.

"Ni mama mmoja tu wa kutoka kwetu," Zadock alisema. "Amepotea njia."

Nanyama alikitoa kiwiko chake mkononi mwa yule kijana. Habari ya kuku ilimtoka kichwani papo hapo, ikawa si kitu. Alirudi kwenye ngazi, akaufungua mkebe, akawaambia, "Nilikuwa naletea mtoto wangu. Kuleni nyinyi."

Oloo alichungulia, akacheka kwa furaha. Hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Alisema nyanya yake alikuwa akificha kumbikumbi hivi hivi ndani ya chungu, na kwamba yeye Oloo alichapwa kwa kuwaiba mara nyingi na hakukoma. Ndeti, Mkamba aliyekaa ngazi ya chini, alisema kwao ilikuwa asali pamoja na wana wa nyuki, unatafuna yote, unatema nta. Mkewe, mzaliwa wa Nairobi, akimwambia hayo hukimbia meza. Biskuti zilisahaulika. Wanaume wazima, mashati meupe, wakawa wanalamba vidole bila haya.

Zadock alisimama na kikombe chake. Kidogo kidogo akasogea, akanyoosha mkono, akachukua tonge. Nanyama hakumkataza. Alimtazama akitafuna macho yameinama, na hasira yake haikupungua hata chembe.

"Asante sana, mama," Oloo alisema akijipangusa. "Na sisi tukuite mama nani?"

Tangu Zadock azaliwe, hakuna aliyewahi kumwita Nanyama kwa jina la mtoto mwingine. Zadock aliinua uso, akangoja.

"Mama Peres," Nanyama alisema, akafunga mkebe.