Mgeni wa Katikati

Mimi nakaa mbele. Naomba hilo lieleweke mapema, maana watu wakiona mtumbwi wetu unashuka mtoni humsifu yule wa nyuma, mume wangu, kwa sababu ndiye anayeongea. Kazi ya mbele haina maneno. Wa mbele anasoma maji: hapa jiwe limejificha, pale kina kimepungua, kule kuna mti umeanguka na mvua ya jana. Akiona jambo ananyanyua kasia kulia au kushoto, na wa nyuma anageuza chombo. Sisi wa kazi hii tunamwita wa mbele Jicho na wa nyuma Mkia, na mgeni anakaa katikati na mkoba wake na hofu yake. Tena Jicho hageuki nyuma hata kidogo, kwa sababu jiwe halitakusubiri umalize kuangalia.

Sasa niambie. Mwanamke ana mume mcheshi, halafu akae ameyapa mgongo mazungumzo ya mume huyo kutwa nzima, asikie tu, asione. Mateso gani hayo?

Nilikuwa navumilia. Wageni wanakuja ziwani kwetu wa kila aina: maharusi, familia zenye watoto wa kulia lia, wazee wenye ndoana na viti vya kukunja. Asubuhi wanazunguka ziwa na kupiga picha milima, mchana tunawashusha mtoni hadi darajani, ambako gari linawangoja. Mume wangu anawachekesha wote. Akimchekesha mzee wa ndoana, na mimi nacheka huko mbele. Lakini akaja Kofia.

Jina lake halisi sikulijua wala sikulihitaji. Alikuja peke yake, kichwani ana kofia pana kama ungo, na ana kicheko cha kupanda ngazi: kinaanza chini, kinapanda, ukidhani kimefika kinapanda tena. Siku ya kwanza alipangiwa mtumbwi wetu kwa bahati tu. Siku ya pili alimwendea Meneja mwenyewe akamwambia, “Nipangieni kwa nahodha wangu.” Nahodha! Mtumbwi una nahodha tangu lini? Na huo “wangu” umetoka wapi?

Aliyeniletea habari hiyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, anayepokea mizigo ya wageni na kuwachemshia chai pale bandani. Habari kwake hazipoi.

“Wifi, mimi simo,” akaanza, na mtu akikwambia hayumo ujue yumo mpaka shingoni. “Ila jana mlipoondoka, yule mgeni alikuwa amegeuka kabisa. Milima yote ile ameipa kisogo, anamtazama kaka kama anatazama televisheni.”

“Na kaka yako?”

“Kaka unamjua. Anapenda kutazamwa.”

“Atakuwa alikuwa anamweleza habari za mto.”

“Haya. Mto gani huo unaelezwa kwa kushikana viganja?”

Roho ilinipaa. “Alimshika kiganja?”

“Alikuwa anamfundisha kushika kasia,” akasema, akifuta vikombe vilivyokwisha kufutwa. “Mimi simo, wifi yangu. Nisije nikaambiwa Jicho ana kijicho kwa sababu yangu.”

Jioni ile nilipakua chakula kwa kelele. Sahani zilijua nina hasira, sufuria zilijua, mume wangu ndiye hakujua. Alikula akiwa anatabasamu peke yake.

“Mgeni wako anakaa kinyumenyume,” nikamwambia. “Kwa nini?”

“Anasema akitazama mbele anaogopa maji.”

“Anaogopa maji, halafu ametoka kwao mpaka hapa kufuata maji.”

“Mama watoto, mgeni ni mgeni tu. Keshokutwa anaondoka.”

“Kumbe na siku yake ya kuondoka unaijua!”

Akaweka kijiko chini, akacheka. Kicheko chake kinanipendeza siku zote, lakini siku ile kilinikata maini. Nilitaka kujua jambo moja tu, nalo si la kuuliza kwa mdomo, maana kwa mdomo wanaume wote ni matajiri. Nilitaka kujua: ikifika pahali hakuna nafasi ya kufikiri, hakuna nafasi ya kupanga maneno, huyu mwanamume ataanza na nani? Nililala nalo, nikaamka nalo, nikavaa nalo jaketi la kuelea.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Kofia alifika mapema kuliko sisi, amekaa kwenye gati anachezesha miguu majini. “Dada, habari za asubuhi!” Nikaitikia nzuri. Nikamkagua jaketi, nikamfunga mikanda, nikamwambia asisimame ndani ya chombo kwa sababu yoyote. Akasema, “Nahodha ameshanieleza yote.” Nikajikaza kisabuni, nikaenda kukaa mahali pangu.

Ziwani ilikuwa vicheko tu. Nilipiga kasia kwa nguvu mpaka mume wangu akaniambia taratibu, tutafika kabla ya gari. Tukaingia mtoni. Mto wetu mwanzoni ni mpole, maji yanapita kati ya matete na majani yake yanakugusa bega, na ndege wale weusi wenye shingo ndefu wanakaa wameanika mbawa zao. Hapo ndipo vicheko vikakoma.

Nilikuwa nalalamikia kicheko, kumbe kicheko ni rafiki. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilitega masikio mpaka yakauma. Nasikia maji, nasikia kasia langu, na kasia la nyuma silisikii. Wanafanya nini? Mtu hapigi kasia na haongei, mikono yake iko wapi? Shingo iliniwasha. Niliishika kwa ukaidi, nikasema sigeuki, hata waoane huko nyuma sigeuki.

Kisha nikasikia harufu ya chungwa.

Lile chungwa nililitia mimi asubuhi kwenye mkoba wa mume wangu, moja tu lililokuwa limebaki nyumbani, kwa sababu koo lilikuwa linamkera. Sasa linamenywa. Na Mkia hawezi kumenya chungwa huku anapiga kasia, ina maana kasia limelala magotini, ina maana anamenyewa mtu. Nikasikia Kofia anasema polepole, “Mmh, tamu.” Wee! Damu ilinichemka mpaka kwenye kucha.

Na mbele yetu kilikuwa Kinu. Tunapaita Kinu kwa sababu mto unabanwa na miamba miwili halafu unatwanga, maji yanapanda na kushuka pale pale. Si pa kutisha kama mko makini. Wageni hupapenda kuliko kwingine kote. Nikanyanyua kasia kulia. Chombo hakikugeuka. Nikanyanyua tena, nikapiga kelele, “Kulia! Weka chungwa chini, baba!” Nikamsikia anadaka kasia. Tulikuwa tumeshachelewa kidogo, lakini tungepita, naapa tungepita, kama si upepo wa pale miambani kuibeba ile kofia. Kofia akapiga yowe, akasimama kuidaka.

Tukapinduka.

Lazima nieleze kanuni yetu, ndipo mtajua nini kilitokea. Chombo kikipinduka, Mkia anamfuata mgeni, Jicho anafuata chombo. Basi. Hakuna kuulizana, hakuna mke wala mume. Tumeifanyia mazoezi mpaka tunaiota. Mimi naogelea kuliko mume wangu, yeye mwenyewe anakiri akiwa na furaha. Nilipoibuka nilikuwa sina hata mchubuko, nikaanza kuukimbilia mtumbwi uliokuwa unazunguka.

Mkono ukanidaka jaketi kwa nyuma, ukanivuta. Nikageuka: mume wangu. Amekodoa macho, midomo imemtoka rangi, anatweta, “Nimekupata, nimekupata, mama watoto, nimekupata.” Na nyuma yake, kule kwenye mwamba wa pili, Kofia amekumbatia jiwe linaloteleza, maji yanampiga usoni, anaita, “Nahodha! Nahodha!”

Nisiseme uongo. Nilisikia raha. Maji ya baridi yananiingia puani na mimi nina raha kama bibi harusi. Ameanza na mimi! Hakufikiri, hakupanga, ameuacha mto mzima na wageni wake akaja kwangu. Ningeweza kukaa pale pale kwenye Kinu nikatwangwa siku nzima.

Halafu nikamwona Kofia anateleza, mkono mmoja umeachia.

“Niache! Mgeni!” nikamwambia.

“Nimekupata.”

“Mimi mzima! Mwende mgeni wako!”

Hakuniachia. Hofu ilikuwa imemkaza vidole. Basi nikainamisha kichwa nikamng'ata mkono, si kwa mzaha, nilimng'ata mpaka nikasikia ladha ya chumvi. Akapiga kelele, akaniachia, akili zikamrudia, akaogelea kwenda kule.

Mimi nikaushika mtumbwi. Nikaushikilia, nikakanyaga chini, na nikiwa nimesimama pale, maji kiunoni, nikamwona mume wangu anamtoa mgeni. Kofia amemning'inia shingoni kwa mikono yote miwili, ameweka shavu lake pale penye bega la mume wangu ninapoweka langu. Nimempeleka mwenyewe, kwa meno yangu. Sikujua nilie au nicheke.

Kule darajani Meneja alikuwa ameshapata habari, maana wavuvi wa ng'ambo walituona. Alitungoja pamoja na wifi yangu aliyebeba mablanketi na masikio yake yote. Kofia alikohoa, akanywa chai, akatetemeka, na bila ile kofia alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Meneja akamwomba radhi, kisha akamuuliza ilikuwaje.

“Kosa langu, nilisimama,” akasema. Hapo kidogo nilimheshimu. “Ila sielewi kitu kimoja. Nilikuwa namwita nahodha, nikamwona kama anaogelea kwenda upande mwingine. Labda ni macho tu. Maji yalikuwa usoni.”

Meneja akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama viatu vyake. Mkono wenye alama za meno ameuficha ndani ya blanketi.

“Wewe ndiye uliyekuwa karibu,” Meneja akaniambia. “Alianza na mgeni, hakuanza na mgeni?”

Mume wangu akainua macho akanitazama. Nilijua anachoomba. Neno moja tu: alianza na mgeni, mama yule alichanganyikiwa na maji. Kofia mwenyewe alikuwa ameshatufungulia mlango wa kutokea. Ningesema hivyo, tungerudi mtumbwini kesho, mimi mbele yeye nyuma, kama siku zote.

Lakini Kofia angeondoka akiamini nini? Angeenda kwao akasimulie nahodha wake alivyomrukia majini. Na wifi yangu, ambaye hayumo, angesimulia nini pale kwenye vikombe vyake? Nilimtazama yule mwanamke aliyekula chungwa langu, na shavu lake lililolala begani kwa mume wangu, na ulimi wangu ukaenda wenyewe.

“Alianza na mimi,” nikasema. Nikalirudia kwa sauti, wasikie hadi wa ng'ambo. “Mgeni alikuwa anaita, naye akaja kwangu. Kwanza mimi. Nilimng'ata ndipo akaenda. Mwonyeshe mkono, baba watoto.”

Wifi alitoa mguno mrefu. Kofia akageuza uso wake kwenye maji. Loo, nilishiba.

Meneja hakupiga kelele. Akasema, “Kama mwanamume namwelewa. Kama meneja siwezi kumpandisha mgeni kwenye chombo ambacho Mkia ana mtu wake mbele. Kuanzia kesho hamtakaa mtumbwi mmoja. Wewe utakuwa Jicho la yule mzee wa chombo chekundu. Jicho wake, Sukari, atakuja kwa mumeo.”

“Kwa muda gani?” nikauliza.

“Muda wote mnaofanya kazi hapa.”

Tulirudi nyumbani, mume wangu akafungua mlango. “Ungesema nilianza na mgeni, basi,” akaniambia. Wala hakukasirika. Ningependa angekasirika. Nilimpaka dawa mkononi, na yeye akautazama ukuta.

Kofia aliondoka asubuhi iliyofuata, kama wanavyoondoka wageni wote. Alitupungia mkono sote kutoka kwenye gari, akiwa na kofia nyingine ndogo, na nadhani alikuwa ameshamsahau nahodha wake kabla ya kufika barabara kuu.

Sukari alikuja gatini akiimba. Ni msichana mzuri, mwenye mabega ya kazi, hana hila na mtu, anasoma maji karibu kama mimi. Mume wangu akamsalimia, akamwambia mzaha fulani, naye Sukari akacheka. Watakuwa hivyo kesho, na keshokutwa, na mvua zijazo.

Nikamwendea. “Mikanda yako imelegea,” nikamwambia, nikamfunga jaketi mwenyewe, nikavuta mpaka akaguna.

“Asante, dada.”

“Chombo kikipinduka,” nikamwambia sikioni, “akija kwako kwanza, mng'ate. Tena ng'ata sana, mimi jioni nitauangalia mkono.”

Akadhani natania. Akacheka, akaruka ndani, akakaa mahali pangu.