Unga wa Jumamosi

Ritha alifika Nangara asubuhi, mfukoni ana siagi na iliki, kwa sababu Mama Wilbroad alikuwa amemwomba aje amsaidie kuoka biskuti. Yeye na Wilbroad walikuwa wachumba tangu mwaka juzi, na kwao Sigino walikuwa bado wanasubiri barua ya posa. Alipoambiwa kwamba Jumamosi kuna wageni wa heshima, "kwa mambo ya Wilbroad," hakuuliza zaidi. Alidhani ni wazee wa ukoo kutoka Dareda, wanakutana kupanga siku ya kwenda kwao.

Wilbroad alimpokea mfuko getini, akasema karibu, akarudi kuosha pikipiki yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita jikoni, oveni nimeshawasha."

Mama Wilbroad, ambaye jina lake ni Bernadina, hakuwa mtu wa kusifu. Siku hiyo alisifu kila kitu. Alisifu jinsi Ritha alivyopiga siagi na sukari mpaka vikawa vyeupe, alivyochunga unga wa ngano bila kumwaga sakafuni, alivyotwanga iliki mwenyewe badala ya kununua iliyosagwa. Kuoka Ritha alijifunza kwa masista baada ya kumaliza shule, na hakuna kazi aliyoipenda kuliko hiyo. Alikanda beseni la kwanza, kisha la pili, mabega yakamuuma, na Bernadina ameketi kwenye kigoda anapaka trei mafuta.

"Nusu tunaoka leo, ni za jumuiya," Bernadina alisema. "Nusu tunagandisha. Jumamosi iwe ni kukata na kuoka tu. Nataka wageni wale za moto."

Ritha aliuviringisha unga uliobaki kama miche ya sabuni, akafunga kila mche kwa nailoni, akaupanga kwenye friza. Trei zilipotoka, nyumba nzima ikanukia. Wilbroad aliingia, akachukua biskuti mbili, akazila akiwa amesimama mlangoni huku anaangalia simu.

"Zimetoka vizuri," alisema, akaondoka.

Mchana vyombo vyote vilikuwa vimeoshwa. Bernadina alifunga friza, akajifuta mikono kwa kanga.

"Ritha, hao wageni wa Jumamosi ni wakwe zetu kutoka Mbulu. Wilbroad anamwoa binti yao, anaitwa Coletha. Posa ilishapokelewa."

Ritha aliinamia trei za biskuti.

"Nilitaka kukuambia asubuhi. Nikaona ukianza kulia utaniharibia unga."

"Wilbroad anajua kwamba niliitwa kuoka biskuti za wakwe zake?"

"Si ndiye aliyesema wewe unaweza kuliko wote? Usilie juu ya hizo trei, mwanangu. Zimeshapoa, zinafyonza maji."

Bernadina alikusanya biskuti zilizovunjika, akazitia kwenye mfuko. "Wapelekee wadogo zako."

Ritha aliupokea ule mfuko. Baadaye ndilo jambo lililomuuma kuliko yote, kwamba mikono yake ilinyooka yenyewe ikapokea, na mdomo ukasema asante. Pale nje Wilbroad alikuwa bado anasugua rimu.

"Ulikuwa unajua wakati unanipokea mfuko?"

"Mama alisema atakueleza mwenyewe," Wilbroad alijibu. Hakuacha kusugua.

Jumamosi, Ritha akiwa shambani anang'oa maharage, simu iliita kwa namba asiyoijua.

"Dada Ritha? Shikamoo. Naitwa Coletha, niko kwa Mama Wilbroad hapa Nangara." Sauti ilikuwa ya binti mdogo, na alikuwa ananong'ona. "Mama ameniachia unga wa kwenye friza, anasema nioke mwenyewe ili shangazi zangu waone. Mimi oveni sijawahi kutumia. Wilbroad kanipa namba yako, anasema wewe ndiye dada anayewaokeaga."

Ritha alijua kwamba unga ule hukatwa ukiwa bado mgumu na kuokwa kwa moto wa wastani. Alikaa chini kwenye tuta.

"Utoe wote kwenye friza, uuweke juani," alisema. "Usubiri mpaka ulainike kabisa, ukiugusa uzame kidole. Halafu upange zikaribiane, zisikauke. Moto uweke wa mwisho."

"Wa mwisho kabisa?"

"Wa mwisho. Na mlango usifungue mpaka uone moshi kidogo, ndiyo dalili kwamba zimeiva."

"Asante dada. Mungu akubariki."

Habari aliipata sokoni, kwa mwanamke wa jumuiya ya Bernadina. Biskuti zilitambaa zikaungana, zikawa kibamba kimoja cheusi kilichogoma kubanduka kwenye trei. Bernadina hakukificha. Alikileta sebuleni kama kilivyo, akakiweka mbele ya wale shangazi, akasema, "Mlichotulelea ndicho hiki." Binti alipiga magoti akaomba msamaha mbele ya watu wote. Harusi haikuvunjika, imepangwa baada ya Pasaka, ila Bernadina ameshasema kwamba binti atahamia kwake mapema ili afundishwe kazi.

Ritha alicheka mpaka muuza nyanya naye akacheka bila kujua sababu. Alicheka njia nzima kurudi Sigino.

Jioni simu iliita tena.

"Dada, ni mimi Coletha. Nimepiga kukuomba radhi. Ulinielekeza vizuri, nadhani mimi ndiye niliyekosea mahali. Nimekuharibia unga wako, na ulihangaika nao."

Ritha alikuwa anachambua mchele. Alitoa jiwe, akalitupa pembeni.

"Si kitu," alisema. "Utazoea."

"Nikishahamia, nikikwama naweza kukupigia?"

"Piga tu, mdogo wangu. Wakati wowote."